Daraja Zuri Si Anasa: Tafakari Kutoka Mto Katuma



Ukitoka Mpanda mjini kuelekea Sumbawanga utavuka Mto Katuma pale Sitalike, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wakati wa kiangazi viboko hujazana kwenye madimbwi karibu na daraja, na wageni kutoka nchi za mbali husimama kuwatazama. Sisi wenyeji mara nyingi tunapita tu. Mimi mwenyewe nimevuka hapo mara nyingi nikiwa nimesinzia ndani ya basi. Siku niliyosimama darajani kwa miguu yangu ndipo nilipouona mto.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hoja ambayo wenzangu hunitania kwayo: Manispaa ya Mpanda, kadiri inavyokua, ijenge madaraja mazuri. Likizo iliyopita niliitoa hoja hiyo kwenye kigango kimoja baada ya ibada. Mzee mmoja akanijibu bila kuzunguka: "Frateri, watoto wetu wanavuka kijito kwa magogo kwenda shule, na wewe unatuletea habari za uzuri?"

Nilinyamaza, maana magogo hayo nilikuwa nimeyavuka asubuhi ile nikiwa nimeshikwa mkono na katekista. Mvua zikikolea yanasombwa, na kigango kinakaa bila Misa mpaka maji yapungue. Swali la mzee ni la haki, na makala hii ni jibu ambalo sikuweza kumpa siku ile.

Kosa letu ni kudhani kwamba uzuri ni rangi inayopakwa mwishoni, fedha zikibaki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye sisi wanafunzi wa falsafa tunashinda naye, alitaja mambo matatu yanayofanya kitu kiwe kizuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Anza na ukamilifu. Kwa Tomaso, kitu kilichopungukiwa na sehemu yake ni kibaya kwa sababu hiyo hiyo. Basi daraja lisilo na kingo, au lisilo na njia ya waenda kwa miguu, hata lipakwe rangi namna gani, halijawa zuri. Mama mwenye mzigo wa mpunga kichwani anayelazimika kusubiri lori lipite kwanza anaujua upungufu huo kuliko mhandisi. Kwa hiyo mzee yule na Mtakatifu Tomaso hawapingani hata kidogo: magogo yale ni hatari na ni mabaya kwa sababu ileile moja.

Ulinganifu na mng'ao vinaonekana vizuri zaidi kwa majirani zetu wa Kigoma. Huko TARURA, kwa kushirikiana na Enabel, shirika la maendeleo la Ubelgiji, wamejenga madaraja ya mawe yenye matao, na teknolojia hiyo imefika mikoa mingine. Namna yake ni hii. Mafundi hutengeneza umbo la tao, mara nyingi kwa mbao, kisha hupanga mawe juu yake kwa saruji. Umbo likiondolewa, mawe hayaanguki, kwa sababu kila jiwe linalisukuma jirani yake na uzito wote unatelemka hadi kwenye misingi ya pande mbili. Nondo hazihitajiki kwenye tao. Mawe hutafutwa karibu, vijana wa kijiji hupata kazi na kujifunza uashi, na gharama hupungua sana ukilinganisha na daraja la zege. Na ukilitazama unaelewa kwa macho tu kwa nini limesimama. Sijui mfano bora wa kile Tomaso alichokiita mng'ao.

Sisemi tao moja la mawe lingeweza Katuma penye mbuga pana, ambapo mto hutawanyika masika. Hapo wahandisi wana njia nyingine. Nasema habari za vijito vinavyokata mitaa na njia za kwenda vigangoni.

Tena taifa letu limeshakubali kwamba daraja linaweza kuwa zuri. Dar es Salaam walipata Daraja la Nyerere pale Kigamboni mwaka 2016, wakapata la Tanzanite mwaka 2022. Mwanza sasa wana Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025. Hakuna aliyeuliza kwa nini nguzo zile zipendeze. Swali la "uzuri wa nini?" huulizwa tukifika kwa maskini, na hilo ndilo linaloniudhi. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato si' (2015) aliandika kuhusu miji na namna mahali tunapoishi panavyogusa mawazo na mwenendo wetu. Mtoto anayevuka kila siku kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu anajua kwamba kuna mtu alimfikiria.

Kuna na jambo la mto wenyewe. Katuma ni uhai wa mashamba ya mpunga ya Mwamkulu na Kakese, na ni uhai wa hifadhi kule chini. Maji yakichepushwa mno huku juu, viboko wa Sitalike hubaki kwenye tope, wakipigania kilichosalia. Daraja zuri haliongezi hata ndoo moja ya maji. Lakini lenye mahali pa kusimama na ukingo wa kuegemea linatufanya tutazame chini, na mtu anayeutazama mto kila jioni ataona mapema unapoanza kupungua.

Likizo ijayo nitarudi kwenye kigango kile. Katekista ameniambia kwamba mawe yapo ya kutosha kwenye kilima nyuma ya kanisa, na kwamba kwenye Jumuiya ya mzee yule kuna waashi wawili.