Mlango Mmoja, Funguo Nyingi: Kufungua Biashara Gataka

Wengi wetu tuna jamaa waliotoka pwani kwenda bara kutafuta riziki. Baadhi yao hufikia maeneo kama Gataka, katika Kaunti ya Kajiado, si mbali na mpaka wa jiji la Nairobi. Aendaye huko na mtaji mdogo hana budi kujiuliza: fedha hizi zitakwisha kwa kununua bidhaa au kwa kutafuta vibali?

Kwa hesabu za Benki ya Dunia, Kenya ilipiga hatua kubwa. Katika ripoti ya wepesi wa kufanya biashara ya 2015 ilikuwa ya 136. Katika ile ya 2020 ikawa ya 56 kati ya nchi 190. Sheria ya Makampuni ya 2015 ilimruhusu mtu mmoja kuunda kampuni peke yake, na usajili ukahamia kwenye mtandao wa eCitizen.

Lakini kipimo hicho kilitazama kampuni zilizosajiliwa, tena za Nairobi peke yake. Kibanda cha Gataka hakikuwamo. Ripoti yenyewe ilikomeshwa Septemba 2021, baada ya kugunduliwa kasoro katika takwimu za baadhi ya nchi.

Tuchukue mfano wa mama anayefungua mkahawa mdogo. Atahitaji leseni ya kaunti ya kila mwaka, cheti cha afya cha kila anayeshika chakula, kibali cha zimamoto na ada ya bango. Akiwapigia wateja muziki, ana ada nyingine. Hakuna katika hayo lisilo na sababu: usafi na usalama ni haki ya mlaji. Uzito umo katika wingi wa madirisha, kila moja na siku yake na malipo yake.

Kisha ipo kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023 imepanda kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Akiuza kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, hulipa 6,000. Ikiwa faida yake ni 20,000, basi karibu theluthi ya jasho lake imekwenda. Na akipata hasara, hulipa vilevile.

Hata hivyo, mfanyabiashara mdogo hakuachwa bila ngao. Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kutoza kodi au ada ya leseni isiyowekwa na sheria. Aidha, mswada wa fedha wa kaunti hauna budi kupelekwa kwa wananchi watoe maoni. Basi tuwausie jamaa zetu mambo matatu: wahudhurie vikao hivyo, waulize kila ada imetokana na sheria gani, na wasitoe hata shilingi moja bila risiti.