Chambo cha Bati na Macho ya Kolekole

Mvuvi wa pwani asiye na chombo hana budi kuamka mapema. Katika mwambao wa Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua, maji hujaa kiasi cha saa 10 alfajiri na kupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na kina chake huweza kupungua kwa zaidi ya mita 3. Hivyo, jua linapochomoza maji yamekwisha anza kutoka kwa kasi. Samaki wadogo waliojisitiri baina ya mizizi ya mikoko hulazimika kushuka nayo kupitia milango myembamba ya mwamba, na hapo ndipo kolekole na mzia huwangojea.

Lakini maji peke yake hayatoshi kueleza kwa nini kipande cha bati kinachong'aa, kisicho na harufu wala ladha, kimdanganye samaki mwenye macho makali namna ile. Jibu limo katika macho hayohayo. Jicho la samaki, kama letu, lina chembe za aina mbili zipokeazo nuru: moja kwa mchana, nyingine kwa usiku. Kwa samaki wengi chembe hizo husogea zenyewe ndani ya jicho wakati wa kupambazuka, na kazi hiyo huchukua dakika 20 au zaidi. Katika kipindi hicho samaki mdogo haoni vizuri kwa jicho la usiku wala la mchana. Mtaalamu Edmund Hobson, aliyechunguza matumbawe ya Hawaii na kutoa matokeo yake mwaka 1972, aliona kwamba alfajiri na magharibi kuna muda mfupi ambapo samaki wa zamu moja wamekwisha jificha na wa zamu nyingine bado hawajatoka. Wawindaji hupendelea saa hizo za nuru hafifu. Wao hutazama kutoka chini, na windo lililo juu huonekana kama kivuli cheusi mbele ya mbingu inayopambazuka.

Ndiyo maana chambo kinachopita karibu na uso wa maji hakihitaji kufanana sana na dagaa. Umbo na mwendo vyatosha. Rangi, ambayo wauzaji wa vyambo huisifu mno, ina kazi ndogo wakati huo. Mtikisiko una kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ubavuni mwa samaki upo mstari wa viungo vya hisia vinavyotambua msukosuko wa maji ulio karibu. Mvuvi anayevuta mshipi, akaulegeza kidogo, kisha akauvuta tena, huiga samaki aliyejeruhiwa. Jua likipanda, mng'ao wa bati nao hupata maana, kwani magamba ya dagaa yana fuwele ndogo zinazoakisi nuru kama kioo. Lakini kufikia hapo windo nalo limekwisha pata macho yake, na kolekole hurudi kilindini.

Basi mvuvi huyo ana saa moja tu, pengine pungufu, ya kupata kitoweo cha nyumbani. Saa hiyo huitegemea mikoko iliyo nyuma yake. Inapokatwa kwa ajili ya mkaa na boriti, samaki wachanga hukosa maficho, na maji ya bamvua hutoka yakiwa matupu. Kolekole naye hana sababu ya kuja mlangoni.