Aliyeshika Mpini kwa Kiingereza

Mwanafunzi Mchina hupewa nahau za Kiingereza kwa orodha: 'upper hand', 'head start', 'inside track', 'an ace up one's sleeve'. Zote hufasiriwa kwamba mtu ana nafasi nzuri kuliko mwenzake. Orodha hukaririka upesi, na huzaa sentensi za ajabu upesi vilevile, kwa sababu kila nahau inataja faida ya aina yake.

'Upper hand' haina taabu. Ni kushika mpini, na Kichina kina shangfeng, upande unakotoka upepo, ambao mabaharia wetu huuita joshi. 'Head start' ni kutangulia tu. Aliyetangulia anaweza kufikiwa. Marekani iliupa jina hilo mpango wake wa mwaka 1965 wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla ya shule. Wazazi wa China nao huhimizana mtoto asishindwe kwenye mstari wa kuanzia, kauli iliyowatajirisha wenye vituo vya masomo ya ziada.

Kazi ipo kwenye 'inside track', yaani njia ya ndani ya uwanja. Katika uwanja wa mita 400, mzunguko wa njia ya nane huzidi ule wa kwanza kwa mita 53 hivi. Ndiyo maana wakimbiaji wa mita 400 huanzia sehemu zilizopishana, na umbali ukawa sawa kwa wote. Mwanafunzi aliyetazama Olimpiki ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Iko kwenye mbio za farasi: humo hakuna njia ya mtu, anayebana uzio wa ndani hukimbia umbali mfupi, na wa nje hafidiwi. Kwa hiyo nahau humhusu anayeomba kazi huku tayari anafahamiana na wakubwa. Kichina huiita nafasi yake jumba la kando ya maji, jinshui loutai. Lugha zote mbili hutia chembe ya lawama, hasa msemaji akiwa ndiye aliyekosa kazi.

'An ace up one's sleeve', yaani karata kubwa iliyofichwa ndani ya mkono wa shati, ilianza kama wizi wa mchezoni. Leo si tuhuma tena, lakini siri imebaki. Anayeitangaza kwenye barua ya kuomba kazi hana tena cha kuficha.

Walimu, futeni hiyo tafsiri moja. Andikeni faida imetoka wapi, nani anaiona, na kama inaweza kupotea.