Elektroni Zinapoungana Ndani ya Kaboni

Elektroni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo kawaida yake ni kusukumana. Hata hivyo, mwaka 1957 wanafizikia Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza jinsi mitetemo ya atomu ndani ya metali iliyopozwa mno inavyoziunganisha mbilimbili, na jozi hizo zikapitisha umeme bila ukinzani wowote. Maelezo hayo yanatosha kwa metali kama zebaki. Kwa grafini, naamini hayatoshi. Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero, katika chuo cha MIT nchini Marekani, lilipandanisha matabaka mawili ya grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja tu, yakiwa yamepishana kwa pembe ya takriban nyuzi 1.1. Hapo elektroni hupunguza mwendo sana, na kusukumana kwake kukatawala. Ukibadilisha volti kidogo tu, kipande kilekile kilichozuia umeme huupitisha bila ukinzani.

Wapo wanaosema nyuzijoto 1.7 juu ya sifuri kamili, ambako hali hiyo hutokea, ni baridi isiyo na manufaa. Lakini elektroni zinazohusika ni chache mno, na kwa uchache huo kiwango hicho ni cha juu ajabu. Hoja nzito zaidi ni ya wanaotetea mitetemo: mwaka 2020 majaribio yalionyesha kwamba hali ya kuzuia umeme ikififishwa, jozi bado hubaki. Sawa, ila vipimo vya Chuo Kikuu cha Princeton vya 2021 vilikuta pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika kuvunja jozi, lenye umbo la V, wakati nadharia ya 1957 hutarajia umbo la U.