Aliyeinuka kitandani asikimbilie mzigo

Ijumaa ya leo tuzungumzie jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi. Mtu ameugua mafua makali au UVIKO-19, homa imeshuka, kikohozi kimepungua, na kila asubuhi anaulizwa kama ameshapona. Wengi wetu hudhani kuwa homa ikiondoka, maradhi nayo yameondoka. Baba hurejea shambani na jembe lake, na kijana hurejea uwanjani jioni ile ile. Mama, ambaye pengine hakupewa hata siku tatu za kulala, akionekana tu amesimama jikoni, nyumba nzima humhesabu kuwa mzima, na ndoo za maji humrudia.

Wakazi wa Mtendeni, na wa Tabora kwa jumla, wangepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika mji huu, na wapagazi waliobeba mizigo ya kilo 30 hivi kila mmoja waliitua hapa. Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton, akiwa amedhoofishwa na maradhi, alibaki Kazeh, ndani ya eneo la Tabora ya leo, wakati mwenzake John Speke akielekea kaskazini. Kutua Tabora kulikuwa sehemu ya safari yenyewe.

Na tazama jinsi dini yetu inavyowaweka mgonjwa na msafiri mahali pamoja. Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zinawataja wote wawili katika ruhusa ya kufungua na kulipa saumu siku nyingine. Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, iliyomo katika Sahihi Bukhari, inaeleza kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mkazi na mwenye siha. Basi aliyekosa jamaa kwa sababu ya udhaifu hana haja ya kujiburura hadi msikitini kwa kuhofia thawabu zake.

Kwa nini udhaifu ubaki ilhali homa imekwisha? Mwili umetumia nguvu nyingi kupambana na virusi, na misuli hupungua haraka kwa mtu aliyelala siku nyingi. Kuna na hatari isiyoonekana kwa macho: baadhi ya virusi huweza kuvimbisha misuli ya moyo, na kazi nzito wakati huo huweza kuuvuruga mwendo wake. Ndiyo sababu mwenye homa hatakiwi kufanya mazoezi kabisa. Lakini kulala moja kwa moja nako kuna madhara, kwani misuli huzidi kusinyaa na damu huweza kuganda miguuni.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa waliougua UVIKO-19, uliogawa njia ya kurejea katika awamu tano, na kila awamu isipungue siku 7. Huanza kwa kupumua taratibu, kujinyoosha na kutembea polepole. Kisha kazi nyepesi za nyumbani. Kukimbia huja mbele sana. Awamu ikimshinda mtu, hurudi nyuma. Kipimo chepesi ni maneno: kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Kwa mkazi wa Mtendeni, atoke asubuhi kabla ya jua kali na vumbi, atembee hadi kwenye mwembe wa kwanza, akae, arudi. Wiki inayofuata aende hadi wa pili.

Sala nayo ihesabiwe. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, yaani rukuu 17 na sijda 34, na kila mara mtu huinuka. Kwa mzima ni jambo dogo. Kwa anayeona kizunguzungu ni kazi. Imran bin Huswain, aliyekuwa na bawasiri, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala, akaelekezwa kuwa asiyeweza kusimama asali ameketi, na asiyeweza kuketi asali kwa ubavu. Mzee anayeketi kwa udhaifu wa kifua asitazamwe kwa jicho la kumshangaa. Nguvu zikirejea, atasimama.

Wapo wanaochoka siku ya pili, baada ya kazi ndogo ya jana, hata wakashindwa kuamka. Hao wasilazimishwe kuongeza mazoezi. Wagawe kazi zao na wapumzike kabla ya kuchoka. Akipatwa na maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio ovyo, kuzirai au pumzi kukatika, aache papo hapo na apelekwe Hospitali ya Kitete au kituo kilicho karibu.

Na zile ndoo za mama, kwa majuma hayo, vijana wa nyumba wanazijua njia za bombani.