Kejeli Dhidi ya Kipimo cha Damu: Filamu Mbili za Burundi

Filamu fupi ya Na Wewe, iliyoongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt mwaka 2010, haifiki hata dakika 20. Ni mwaka 1994, Burundi imo vitani. Waasi wanasimamisha basi dogo lenye abiria wa kila namna, Mzungu mmoja akiwemo, na kuamuru Wahutu wasimame upande huu, Watutsi upande ule. Amri inaonekana nyepesi, kumbe haitekelezeki: kila abiria ana maelezo yake, na wenye bunduki wanazidi kuvurugwa. Kicheko kinawaangukia wao, si wanaotishwa, na hapo ndipo filamu inapofaulu.

Ugumu huo haukubuniwa. Kutoka Gitega, katikati ya nchi, hadi Muyinga karibu na mpaka wa Tanzania, Wahutu na Watutsi husema Kirundi kimoja, hukaa vilima vimoja na huoana. Majina hayo yalikuwepo kabla ya ukoloni, ila Wazungu ndio walioyafanya mbari, wakidai Watutsi ni “Wahamiti” waliozaliwa kutawala. Chini ya Wabelgiji machifu Wahutu walipunguzwa, hata kufikia 1945 hakubaki hata mmoja.

Wauaji wa kweli, hata hivyo, hawakubabaika kama waasi wa filamuni. Mwaka 1972 Wahutu wasomi walisakwa kwa orodha. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi walichomwa moto Kibimba, mkoani Gitega.

Na Wewe inashikilia historia, lakini njozi kamili imo katika filamu ya pili, Neptune Frost (2021) ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, filamu ya muziki yenye Kirundi na Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Ilipigwa picha Rwanda, lakini hadithi yake iko vilimani Burundi: mchimba koltani aliyefiwa na nduguye mgodini anaungana na wadukuzi katika kambi iliyojengwa kwa mabaki ya kompyuta, nao wanaivuruga mitandao ya dunia. Kejeli yake inaelekezwa nje, kwa wanaofaidi madini ya Waafrika bila kutaka kuwasikia. Inapendeza macho, ila humchosha asiyezoea hadithi zisizonyooka.

Na Wewe iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2011. Kwa darasa la sekondari ndiyo inayofaa zaidi, mradi mwalimu aanze na habari za 1972 na za Kibimba.