Dizeli ya Sasa Inataka Safari Ndefu

Mtu anayetafuta SUV ya familia hupewa ushauri kabla hajauomba. Ataambiwa achukue dizeli, kwa kuwa dizeli inavuta, hainywi mafuta na haifi. Sifa hizo hazikutungwa barazani. Zilijengwa kwa miaka mingi na magari ya hospitali za wilaya, ya mbuga za wanyama na ya miradi ya vijijini, hasa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ iliyotoka mwaka 1990: silinda 6, lita 4.2, pampu ya mafuta inayoendeshwa kwa mitambo mitupu, bila kompyuta ya kusumbua. Injini ile ilivumilia vumbi, mafuta machafu na fundi mwenye spana chache. Tatizo ni kwamba sifa za injini ile zimerithiwa na injini ambayo haifanani nayo kwa karibu kila kitu isipokuwa jina la mafuta. Ninachotetea hapa ni kwamba familia nyingi za mjini, Dar es Salaam hata Nairobi, zinafaa kununua petroli, na kwamba kigezo cha kuamua ni muda ambao gari hutembea bila kusimama kila linapowashwa. Ukubwa wa familia na idadi ya viti havina uzito kama huo.

Sababu inaanzia ndani ya silinda. Injini ya petroli huvuta hewa iliyochanganyika na mafuta, au hupuliziwa mafuta humo humo, ikaubana mchanganyiko huo mara 9 hadi 12 hivi, kisha plagi ikatoa cheche. Dizeli huvuta hewa peke yake na kuibana mara 14 hadi 20 na ushee, mpaka hewa inakuwa na joto la kuyawasha mafuta yenyewe bila cheche yoyote. Mbano huo mkubwa ndio unaoipa dizeli uwezo wa kugeuza sehemu kubwa zaidi ya nishati kuwa mwendo. Kuna pia jambo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli na imebeba nishati zaidi kwa takriban asilimia 12. Kwa hiyo sehemu ya zile kilomita za ziada anazozifurahia mwenye dizeli inatoka kwenye pampu ya kituo cha mafuta, haitoki kwenye ufundi wa injini. Hata moshi unalionyesha hilo, kwani lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7.

Sasa angalia upande wa pili wa ubora huo. Injini inayopoteza joto kidogo huchelewa kupata moto. Dizeli ikiwa imesimama kwenye foleni, inachoma mafuta machache katikati ya hewa nyingi, na moshi unaotoka ni wa vuguvugu. Kwa injini ya zamani hilo halikuwa na madhara makubwa, maana masizi yake yalipulizwa barabarani na wapita njia wakayavuta. Dizeli za sasa zimefungiwa chujio la masizi kwenye njia ya moshi, lile ambalo mafundi huliita DPF. Chujio hilo linanasa masizi mpaka linakaribia kujaa, kisha kompyuta ya gari inaagiza yachomwe. Kuyachoma kunahitaji joto la nyuzi 600 hivi ndani ya chujio, na ili kulifikia, kompyuta huongeza mafuta ya ziada katika silinda baada ya mlipuko wa kawaida. Kwenye barabara iliyonyooka, gari likiwa katika mwendo wa kutulia, kazi hiyo huisha ndani ya dakika 10 hadi 20 na dereva hajui kama kuna lililotokea. Katika safari ya kumpeleka mtoto shule, kupitia sokoni na kurudi nyumbani, inaanza na kukatishwa, inaanza tena na kukatishwa tena.

Hapo ndipo gharama zinapojificha. Katika injini nyingi za aina hii, mafuta yale ya ziada yasiyopata nafasi ya kuungua hutambaa kwenye kuta za silinda, yakapita ringi na kuingia kwenye oili. Mwenye gari anachomoa kijiti cha kupimia, anakuta oili imepanda badala ya kupungua, na anadhani ni habari njema. Kumbe oili imekuwa nyepesi, na turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inaitegemea oili hiyo hiyo kwa uhai wake. Wakati huo huo, vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini inalishwa masizi yasiyokauka, ambayo yakikutana na mvuke wa oili hugeuka gundi nyeusi na kuziba njia ya hewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotokana na kiwanda kibovu au fundi asiyejua kazi. Ni mashine iliyoundwa kwa safari ndefu ikitumiwa kwa safari fupi.

Mafuta yenyewe nayo yana sehemu yake. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa na ya kupongezwa, kwa sababu salfa ni adui wa chujio. Lakini nozeli za leo hupuliza mafuta kwa mgandamizo unaofika baa 2,000, na pampu inayozalisha nguvu hiyo inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Ukichanganya mafuta ya taa, ulainishaji unapungua na chuma kinasagana na chuma. Uchakachuaji haukuwa hofu ya kufikirika: Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa lengo la kuukomesha. Pampu ya 1HZ ingeweza kusamehe tangi moja la mafuta ya aina hiyo. Mfumo wa sasa hausamehi kirahisi.

Wapo watakaosema wataagiza dizeli ya zamani waepuke haya yote. Njia hiyo imezibwa kwa kiasi kikubwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari lililofikisha umri huo ushuru wa ziada. Japani yenyewe, tunakonunua magari yetu mengi, iliyabana magari ya dizeli mapema. Jiji la Tokyo lilipiga marufuku mwaka 2003 magari ya biashara ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Matokeo yake ni kwamba dizeli changa itokayo kule inakuja na chujio lake, na nyingine, kama Prado ya lita 2.8 iliyoanza kuuzwa huko mwaka 2015, zinakuja pia na tangi la maji ya urea ambayo sharti yaongezwe.

Tuje kwenye fedha, maana ndiyo hoja inayotajwa kwanza. Tuchukue mfano: SUV ya petroli inayokwenda kilomita 10 kwa lita, na ya dizeli inayokwenda 13. Kwa mwaka wa kilomita 12,000, ya kwanza inatumia lita 1,200 na ya pili 923. Lita ikiwa shilingi 3,000 za Tanzania, dizeli imeokoa takriban 830,000. Kama ilinunuliwa kwa milioni 5 zaidi, itachukua miaka 6 kurudisha tofauti hiyo, na hapo hakuna nozeli iliyobadilishwa wala chujio lililosafishwa. Kwa mtu anayekwenda kilomita 30,000 kwa mwaka, fedha hizo zinarudi katika miaka miwili na nusu hivi, na hadithi inageuka kabisa. Bei nazo hazina uaminifu: mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, dizeli ilipita petroli katika vituo vya Dar es Salaam. Kodi pia haziko upande wa dizeli. Mazda CX-5 ya petroli ya lita 2.0 inaangukia kundi la hadi cc 2,000, ambalo Tanzania hulitoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Ndugu yake wa dizeli wa lita 2.2 anavuka mstari na kulipa 10. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka asilimia 35 kwa dizeli inayozidi cc 2,500, kwa hiyo Prado ya dizeli ya lita 2.8 inaingia humo, wakati ile ya petroli ya lita 2.7 inabaki kwenye 25.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya mlima na mzigo, na sina nia ya kuikwepa. Prado ile ya petroli hutoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 246 injini ikiwa imekaribia mizunguko 3,900 kwa dakika. Ya dizeli hutoa 450 kuanzia mizunguko 1,600 tu. Katika kupanda mlima wa Kitonga ukiwa na watu saba na mizigo juu ya keria, tofauti hiyo inasikika katika kila gia. Mwinuko nao unaipendelea dizeli, maana injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Turbo hurudisha hewa iliyopungua. Familia inayoishi Mbeya na kufuata biashara Dar es Salaam kila mwezi, zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, inunue dizeli bila wasiwasi. Chujio lake litajisafisha njiani. Lakini familia inayopanda Kitonga mara moja kwa mwaka, Desemba, inanunua nguvu ya siku mbili na kuilipia siku 363.

Lipo jibu jingine la gereji: ng'oa chujio, danganya kompyuta, maisha yaendelee. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Gari lililong'olewa chujio linawasha injini asubuhi uani, watoto wakiwa wanapanda, kisha linasimama getini kwa shule kati ya magari mengine. Kama gharama ya kuendesha dizeli mjini ni kuwarudishia watoto masizi ambayo chujio lilikwisha kuyanasa, basi dizeli hiyo haikupaswa kununuliwa.

Kabla ya kutuma fedha kwa muuzaji, weka daftari ndani ya gari unalotumia sasa, au la jirani anayeishi kama wewe, na uandike kwa wiki nne muda wa kila safari na kama gari lilipata kutembea dakika 20 mfululizo bila foleni. Safari za namna hiyo zikiwepo kila wiki, chukua dizeli. Zikiwa ni za sikukuu tu, agiza petroli, na kama mfuko unaruhusu tazama petroli yenye mota ya umeme, kwa sababu hiyo huzima injini pale pale kwenye foleni ambapo nyingine zote zinachoma mafuta bure.